Sikio Moja Likiziba, Usiulaumu Mto Naili

Jinja, Uganda, kwenye mwalo wa Masese, boti zinaporudi asubuhi utaona kioja ambacho wenyeji wameshakizoea. Mvuvi amesimama kwa mguu mmoja, kichwa amekilaza begani, anaruka-ruka huku akijipiga kofi juu ya sikio. Anatoa maji. Pembeni yake mwenzake ameokota kijiwe kilichoota jua, kakibana sikioni utadhani anapokea simu. Dawa hizi mbili zinajulikana kuanzia hapa hadi Mombasa, na mara nyingi zinafaa, kwa sababu mara nyingi kilichomo ni maji kweli.

Mjomba wangu ni mmoja wa warukaji hao. Siku moja ya Agosti nilimkuta akiruka, nikamuuliza:

"Mjomba, hilo sikio limeziba tangu lini?"

"Tangu mvua za mwezi wa nne."

"Na bado ni maji?"

"Ziwa hili, mwanangu, likikupenda halikuachi."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Maji gani hayo yanayokaa sikioni miezi minne?

Mjini nako kuna habari nyingine. Vijana wanaowateremsha watalii kwenye maporomoko ya Naili, kule Itanda na kwingineko, wamesikia kwa wageni wao kwamba waendesha kayaki huota mfupa ndani ya sikio. Habari hiyo ilishuka kwenye boti ikapanda boda, na ilipofika sokoni ilikuwa imeshageuka "kookolo", ndiyo saratani kwa Kiganda. Sasa kuna mama anayemkataza mwanawe kujifunza kuogelea asije akaota kansa ya shingo, na huyo huyo mwana anaishi hatua mia mbili kutoka ziwani. Kati ya kuogopa kansa ya maji na kutojua kuogelea kando ya Ziwa Viktoria, mimi najua kipi kinaua watoto haraka zaidi.

Tuanze na maneno, maana ndiyo yaliyotuchanganya. Uvimbe ni jina la jumla. Jipu ni uvimbe, rovu ni uvimbe, tezi za shingoni zinazotutumka ukiumwa jino ni uvimbe, na nundu ya mafuta mgongoni ni uvimbe. Saratani ni aina moja tu ya uvimbe, tena yenye tabia yake. Ifikirie stendi ya boda. Kila stendi ina mwenyekiti, ina orodha, na mgeni haingii mpaka akubaliwe. Stendi ikijaza waendeshaji kupita kiasi inakuwa kero, inaziba njia ya duka, lakini imebaki pale pale kwenye kona yake: huo ni uvimbe usio saratani. Sasa fikiria waendeshaji wasiomtambua mwenyekiti, wanaongezeka usiku na mchana, wanavunja ukuta wa jirani, kisha wanatuma wenzao wakafungue stendi kwenye mitaa ya watu. Hiyo ndiyo saratani. Ukubwa wa uvimbe haukuambii mengi. Cha kuuliza ni iwapo unavunja kuta na kuhama.

Na madaktari wakisema "saratani za kichwa na shingo" hawazungumzii ubongo. Wanamaanisha kinywa, ulimi, koo, kisanduku cha sauti, pua na mapango yake, tezi za mate. Ni ile njia ambayo hewa na chakula hupita kabla ya kuachana. Sehemu kubwa ya saratani hizi huanzia kwenye utando laini unaotandika njia hiyo.

Sasa sikio. Tundu lake ni kichochoro kisichopenya, urefu wake kwa mtu mzima ni kama sentimita 2.5, na mwisho wake kuna kiwambo, ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma. Maji ya ziwani yakiingia hufika hapo yakakwama. Kama kiwambo ni kizima hayawezi kupita, basi yatamwagika au yatakauka, baada ya saa chache au siku moja mbili. Yakinasa nyuma ya nta, nta huvimba na kuziba tundu zaidi. Hilo ni jambo la kawaida mno, na halimalizwi kwa njiti ya kiberiti, ambayo huisukuma nta ndani kama mtu anayeshindilia baruti. Tundu likichubuka, vijidudu huingia, na hapo ukivuta sikio tu unaruka kwa maumivu. Yote haya ni magonjwa ya kichochoro. Yanaudhi, yanatibika, na hayana undugu na saratani.

Lakini nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo cha hewa, na chumba hicho kina mlango wa uani: mrija mwembamba unaoshuka hadi nyuma ya pua, juu ya koo. Mrija huu unaujua hata kama hujawahi kuusikia. Ukipanda gari Mbale kwenda Kapchorwa, mlima ukianza kukaza masikio yanaziba. Unameza mate, "pwa", yanafunguka. Huo "pwa" ndio mlango wa uani umefunguka, hewa ya ndani ikalingana na ya nje. Mpiga mbizi hufanya vivyo hivyo kwa kubana pua na kupuliza polepole. Anahitaji kufanya hivyo mapema, kwa kuwa maji ni mazito kuliko hewa kwa mbali: ukizama mita 10 tu, mgandamizo ni maradufu ya ule wa juu ya maji. Hata kwenye mita mbili, kiwambo kisicholinganishwa kitakupigia kelele.

Hapa ndipo maji na uvimbe vinapokutana kwelikweli, na si kwa namna inayosemwa sokoni. Kuna saratani inayoota pale pale nyuma ya pua, mlangoni mwa ule mrija. Haionekani ukifungua mdomo mbele ya kioo. Inapokua huziba mlango wa uani upande mmoja. Chumba cha hewa kikikosa hewa mpya hujaa majimaji, yanayotoka kwenye utando wa chumba chenyewe, wala si ya ziwa. Mtu anasikia sikio zito, limeziba, linavuma kidogo. Kama ni mvuvi atasema nini? Atasema maji. Ataruka kwa mguu mmoja. Akipiga mbizi ataona upande mmoja unafunguka na wa pili unagoma, naye ataulaumu mto.

Ubaya wa jibu la "maji" ni kwamba linaridhisha. Linamfaa kila anayeishi kando ya ziwa, na linaupa ugonjwa muda. Miezi baadaye hutokea nundu shingoni, chini na nyuma ya taya, ngumu, isiyouma. Nayo hupewa jina jingine lenye kuridhisha: tezi, mafua, jino. Damu kidogo kwenye makamasi inaitwa joto. Ganzi shavuni haipewi jina kabisa.

Sisemi kila sikio lililoziba ni saratani. Masikio mengi yaliyoziba ni nta na mafua. Watoto ndio kabisa, kwa kuwa mrija wao ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, hujaa majimaji kila wakipata mafua. Ninachosema ni kuhusu mtu mzima, sikio moja, wiki baada ya wiki, bila mafua ya kulieleza. Huyo anahitaji daktari amtazame nyuma ya pua kwa kamera nyembamba inayopitia tundu la pua. Dakika chache, machozi kidogo, basi.

Saratani hii ya nyuma ya pua ina mshirika, kirusi kinachoitwa Epstein-Barr, na hapo hadithi inarudi nyumbani Kampala.

Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, akifanya kazi hospitali ya Mulago, aliitwa kumtazama mtoto mwenye taya zilizovimba pande zote. Haikuwa jipu wala jino. Muda si mrefu akaona wengine, na mwaka 1958 akaandika kuhusu uvimbe huo ambao leo dunia nzima inauita kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu aina ya Ford, wakazunguka wiki kumi, kilomita kama 16,000, hospitali hadi hospitali, wakiuliza: watoto wa hapa wana uvimbe huu? Ramani waliyoichora ilishangaza. Uvimbe ulifuata joto na mvua. Milimani kwenye baridi haupo, kwenye nyanda za joto na maji upo.

Mtu akiitazama ramani ile harakaharaka atasema: si mnaona? Ni maji! Nami ningemsamehe, kwa sababu hata wataalamu walijiuliza kama mbu hubeba uvimbe. Mbu habebi uvimbe. Anabeba malaria, na malaria inayomrudia mtoto tena na tena huuchosha ulinzi wa mwili na kuzichochea zile chembe za damu ambamo kirusi kimejificha. Mvua huleta mbu, mbu huleta malaria, malaria hukiacha kirusi kifanye kinachotaka. Maji yapo mwanzoni mwa mnyororo, lakini hayamgusi mtoto kwa kuogelea.

Kirusi chenyewe kilipatikana kwa visa ambavyo mtu angevitunga asingeaminiwa. Burkitt alitoa mhadhara London mwaka 1961. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vya saratani. Wakakubaliana vipande vya uvimbe vipelekwe London kwa ndege kutoka Kampala. Zaidi ya miaka miwili, hakuna kitu. Desemba 1963 ndege moja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaelekezwa Manchester, na kipande kikachelewa kufika. Maji yaliyokihifadhi yalikuwa yamechafuka. Mtu mwingine angesema kimeoza, akatupa. Epstein akaweka tone chini ya hadubini akaona chembe hai za uvimbe zikielea zenyewe. Chembe hizo zikaoteshwa na kazi ya Yvonne Barr, na mwaka 1964 wao wawili pamoja na Bert Achong wakatangaza kwamba wamekiona kirusi ndani yake.

Kirusi hiki anacho karibu kila mtu mzima duniani, mimi na wewe tumo. Hupita kwa mate: busu, kikombe kimoja, bibi anayemtafunia mjukuu chakula. Hakiogelei. Na wengi mno tunazeeka nacho bila kutufanya lolote. Saratani hutokea pale kinapokutana na mambo mengine, malaria kwa mtoto wa huku, au urithi na vyakula fulani kwa watu wa kusini mwa China, ambako saratani ya nyuma ya pua ni nyingi na samaki wa chumvi wa kule, anayelishwa tangu utotoni, ametajwa miongoni mwa sababu. Tafadhali habari hii isimfikie muuza mukene, dagaa wa ziwa letu. Huyo ni samaki mwingine, hukaushwa kwa jua, na hana kesi.

Mzazi na akumbuke hili: uvimbe wa Burkitt hukimbia. Unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Taya la mtoto likitutumka, meno yakilegea wakati si umri wake wa kung'oka, usimalizie kwa mng'oa meno. Ukiwahiwa, dawa huuyeyusha kwa kasi inayowashangaza hata wauguzi, na kituo kilichozaliwa kwa ajili yake mwaka 1967 ndicho leo Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale pale Mulago.

Sasa ule mfupa wa waendesha kayaki. Ni kweli upo, na si saratani. Maji baridi yakipiga tundu la sikio mwaka nenda mwaka rudi, ngozi nyembamba iliyolala juu ya mfupa husumbuka, na mfupa wa chini hujibu kwa kuota vinundu vinavyolibana tundu. Ni kama sugu ya mkono wa mkulima wa jembe, ila ya mfupa. Hauvunji kuta, hauhami. Ukibana sana, hunasa nta na maji na kudhoofisha usikivu, na mpasuaji huuchonga. Jambo lenyewe ni la kale: mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Erik Trinkaus walichunguza mabaki ya Neanderthal, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, wakakuta karibu nusu ya 23 waliochunguzwa wana vinundu hivyo, dalili kwamba nao walishinda majini au kwenye baridi yenye unyevu.

Lakini angalia neno "baridi". Vinundu hivi huhusishwa zaidi na maji ya chini ya nyuzi 19 hivi. Naili inapoliacha ziwa pale Jinja ina uvuguvugu, iko kwenye nyuzi ishirini na kitu. Mgeni aliyewapa vijana habari ile huenda sikio lake lilifinywa na mito ya kwao, siyo na mto wetu. Kijana wa Jinja ana cha kuogopa zaidi, nacho ni kichocho. Na kwa kuwa watu huchanganya, kichocho hakileti uvimbe wa shingo: kile cha Ziwa Viktoria hukaa kwenye mishipa ya matumbo na kuumiza ini. Aliyeshinda majini ameze dawa yake kwa ushauri wa kituo cha afya.

Jicho huhesabiwa peke yake hospitalini, ila kwa mtu wa majini siwezi kuliruka. Wavuvi wengi wana kinyama chenye umbo la bawa kinachotambaa kutoka pembe ya pua kuelekea mboni. Jua, upepo na vumbi hukikuza, wala si saratani. Kasoro ni kwamba kuna saratani ya utando unaofunika weupe wa jicho inayofanana nacho mwanzoni, na Uganda tunaijua vizuri kuliko tungependa: mwaka 1995 daktari Ateenyi-Agaba aliandika kutoka Kampala kuonyesha uhusiano wake na virusi vya UKIMWI. Jua linaanzisha, kinga iliyochoka inaachia. Kinyama kinachokua haraka, chenye mishipa minene au madoa meupe, hakisubiri mwakani. Kofia yenye ukingo mpana ni rahisi kuliko upasuaji, na kwa ndugu zetu wenye ualbino wanaovua mchana, kofia ni ya lazima kama kasia.

Basi, ikiwa maji yametoka mahakamani, nani abaki kizimbani? Tumbaku, kwanza kabisa, ya kuvuta na ya kutafuna. Waragi. Na vikikutana viwili hivyo havijumlishani, vinazidishana, kwa kuwa pombe huulainisha utando na sumu ya moshi hupenya vizuri zaidi. Kisha kirusi cha HPV, kile kile cha saratani ya mlango wa kizazi, ambacho hukaa pia kwenye mafindofindo na shina la ulimi. Chanjo yake Uganda hupewa wasichana nchi nzima tangu 2015. Sijawahi kusikia mtu mwaloni akisema "acha sigara utapata kansa ya koo" kwa sauti ile ile anayosemea "toka majini".

Dalili zenyewe hazina siri: kidonda cha mdomoni kisichopona, sauti iliyokwaruza, nundu ya shingo, kumeza kwa tabu, sikio moja. Wiki tatu zikipita, nenda.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi, nalo ni la watu walioshatibiwa. Mgonjwa wa saratani ya kisanduku cha sauti wakati mwingine huondolewa kisanduku chote, na bomba la hewa huunganishwa na tundu la kudumu chini ya shingo. Tangu siku hiyo pua na mdomo havipitishi tena pumzi. Sisi wengine tukizama, nyuzi za sauti hujifunga na kuzuia maji. Yeye hana mlango huo. Maji yakifika shingoni yameshafika mapafuni. Anaweza kuzama amesimama, kidevu kikiwa juu ya maji. Na jaketi la kuokolea maisha, ambalo kwetu ni mkombozi, limetengenezwa kuuinua mdomo, halikumfikiria mtu anayepumulia shingoni. Linamwelesha huku tundu likiwa usawa wa mawimbi. Nchi za nje kuna vifaa maalumu, bomba linaloziba tundu na kuleta hewa kutoka juu, ambavyo huhitaji mafunzo na mtu wa kuangalia. Bila hivyo, mvuvi wa namna hii abaki kwenye nyavu za nchi kavu, aoge kwa kikombe na beseni, na wenzake wote kwenye boti wajue anapumulia wapi, iwapo watahitaji kumpa hewa.

Mjomba tulimpeleka, baada ya mabishano ambayo shangazi aliyamaliza kwa sentensi moja. Daktari alipitisha kamera puani; mjomba alilia machozi na kutukana kwa lugha tatu. Nyuma ya pua palikuwa safi. Kisha akachungulia sikioni, akaomba beseni, akasukuma maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano, na ikatoka nta nyeusi, ngumu, ukubwa wa mbegu ya chungwa, na ndani yake kipande cha njiti ya kiberiti.

Njiani kurudi alikaa kimya mpaka Bugembe. Halafu akamgeukia dereva na kumwomba apunguze redio, inamuumiza sikio.